Kufuli Lililouma Kidole, na Hilo la Kwenye Simu Zenu

Nianze na mjukuu wangu Neema, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ameniruhusu nimtaje, mradi nisiseme ana umri gani.

Mwezi uliopita Neema alijaza fomu ya kuomba kazi kwenye tovuti. Akaweka jina, picha, tarehe ya kuzaliwa na vyeti vyote tangu shule ya msingi. Wiki ya pili akagundua ile tovuti haikuwa ya kampuni aliyodhani. Kuna watu walikuwa wamechukua sura ya kampuni wakajivika, nembo na kila kitu. Akaja kwangu hapa Mhunze amenuna, hata uji hakumaliza.

"Babu, kufuli lilikuwepo," akaniambia. "Pale juu, pembeni ya jina. Tulifundishwa ukiona kufuli, uko salama."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Binti akakasirika, na alikuwa na haki. Lakini maneno hayo, kufuli lilikuwepo, niliwahi kuyasema mimi mwenyewe Segese, miaka ya tisini, nikiwa baba wa mapacha na nikijiona mjanja kuliko mji mzima. Kwa hiyo kaeni niwaeleze hilo kufuli lenu linafanya kazi gani na halifanyi kazi gani. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na walimu wenu wenye kompyuta wamewaeleza hamkuelewa. Acha nijaribu.

Kazi yangu ilikuwa redio ya upepo. Siyo redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii unabonyeza, unaongea, unaachia, unangoja mwenzako ajibu. Segese hakukuwa na simu. Kulikuwa na maduara, yaani mashimo ya dhahabu, vumbi, na watu wa kila kabila wanaotaka vitu kutoka mjini leo hii. Mzee Kanji, mwenye duka la vyuma Shinyanga mjini, aliweka redio moja dukani kwake na nyingine Segese, akanikabidhi mimi ile ya Segese. Wachimbaji waliagiza pampu, kamba na sululu kupitia kwangu. Na yeye aliwasaidia kufuatilia mambo yao mjini, hasa ofisi ya madini, kwa sababu nauli na foleni zilikuwa zinawamaliza.

Kanji alizaliwa Shinyanga, kama baba yake. Kisukuma alikiongea kuliko mimi, na akikutukana kwa Kisukuma ulikuwa unatamani kuandika usisahau. Siku ya kwanza alinifundisha jambo moja tu.

"Baba Kulwa, ukishika hicho kidude, ujue umepanda juu ya meza katikati ya gulio. Unaongea na mimi, lakini gulio zima linasikia."

Ilikuwa kweli. Misheni walikuwa na redio. Wanunuzi wa pamba walikuwa nayo. Mabroka wa dhahabu walikuwa nazo mbili mbili, moja ya kuongelea na moja ya kusikilizia wengine. Ukisema pampu ya duara fulani imeharibika, kabla hujanywa maji kuna mtu ameshafika pale kumdanganya mwenye duara kwamba shimo limekufa, auze.

Tukaona tutumie mafumbo. Sisi ni Wasukuma, mafumbo yetu yakawa ng'ombe. Pampu ikawa ng'ombe, kuharibika ikawa kuumwa, na vipuri vikawa dawa. Nikajiona profesa. Siku moja nikapaza sauti: "Ng'ombe watano wanaumwa sana Segese, leta dawa haraka." Kanji akajibu dawa inakuja.

Kesho yake asubuhi akaingia bwana mifugo na pikipiki, ametimka kutoka mbali, sanduku la sindano mgongoni, jasho linamtoka. Misheni walisikia, wakamhurumia mfugaji, wakamwita.

"Wako wapi hao ng'ombe?"

"Wamepata nafuu," nikamwambia.

"Watano wote? Usiku mmoja? Huo ni ugonjwa gani? Nionyeshe, isije ikawa tunafungia mnada wa wilaya nzima."

Ningefanyaje? Nilimpeleka kwa jirani yangu, nikachagua ng'ombe watano wenye sura ya huzuni, wakachomwa sindano. Jirani hakunisemesha miezi mitatu. Na ng'ombe wake, kusema kweli, walinenepa.

Lile fumbo lilikuwa la kijinga kwa sababu mbili. Kwanza, ndani ya Usukuma unamficha nani kwa ng'ombe? Wiki moja tu mabroka walikuwa wameshajua ng'ombe ni pampu. Pili, na hili ndilo zito, kila tulipotaka kubadilisha mafumbo tuliyabadilisha kwenye redio hiyohiyo. "Kuanzia kesho ng'ombe ataitwa mbuzi." Gulio zima linaandika.

Sasa fikirini hapo. Unataka mwenzako ajue mafumbo mapya. Njia uliyonayo kila mtu anaisikia. Utamfikishiaje? Ukiweza kujibu swali hilo umeelewa robo tatu ya hilo kufuli la kwenye simu.

Kanji alijibu kwa vitu alivyokuwa navyo dukani. Alikuwa na makufuli ya zamani, mazito, ya aina ile ambayo huhitaji ufunguo kulifunga. Unasukuma tu kile chuma kilichopinda kinaingia, ta, basi. Kulifungua ndiko kunataka ufunguo. Akawa ananitumia makufuli matatu kwa basi, yako wazi, yametungwa kwenye waya kama samaki. Funguo zote zinabaki kwake, shingoni, chini ya shati. Mimi naandika orodha ya mafumbo ya wiki, naiweka kwenye kisanduku cha chuma, nabana kufuli lake, nampa kondakta wa basi. Kuanzia hapo hata mimi siwezi kufungua. Kondakta hawezi, broka hawezi. Anafungua Kanji peke yake. Akishaisoma orodha, kesho yake saa nne tunafungua redio na kuongea mbele ya gulio zima, na gulio linaambulia kelele.

Mnaona? Kufuli lililo wazi halina siri. Hata mwizi akilishika, atalifanyia nini? Kulifunga tu. Basi tovuti inafanya hivyohivyo. Simu yako inabisha hodi, tovuti inairushia kufuli lililo wazi, simu inatunga mafumbo ya siku hiyo, inayafungia humo na kuyarudisha. Halafu wawili hao wanaanza kuongea kwa mafumbo. Watu wa katikati, wenye waya na minara, wanasikia kelele kama mabroka wangu. Wataalamu wana ufundi zaidi ya huo, na Neema anasema siku hizi wamebadilisha namna ya kupatana mafumbo. Sawa. Lakini kiini ni hicho, na mimi nilikifanya juu ya meza ya mninga.

Makufuli ya Kanji yalikuwa na tabia moja mbaya. Springi zake zilikuwa zimekauka. Ukilisukuma halikubali, unalilazimisha kwa kidole gumba, na likikubali linakubali ghafla na kukubana nyama. Kila wiki. Kidole changu kilikuwa kikipona tu kinabanwa tena. Nilimlalamikia Kanji uso kwa uso siku alipokuja Segese, akasema anayetaka raha akauze vitumbua.

Sasa nifike kwa Mama Holo.

Mama Holo alikuwa mjane, mwenye duara. Mwanamke mkavu, hacheki ovyo, anavaa buti za marehemu mumewe na soksi mbili ndani zisimpwaye. Duara lake la kwanza lilikuwa limemezwa na mtu aliyejua kusoma kuliko yeye. Yeye ndiye aliyechimba, lakini yule ndiye aliyefika kwanza ofisi ya madini na karatasi. Kwa sheria ikawa Mama Holo ndiye mvamizi. Miaka miwili alizunguka anapepeta mchanga wa watu. Halafu akapata mwamba mwingine, kwenye kijito cha Mikoche, mahali ambapo hakuna aliyepadhania. Akafukia, akapanda viazi juu yake, akaja kwangu.

"Baba Kulwa, safari hii nikipotezewa sina nguvu ya kuanza tena. Nataka jina langu liwe la kwanza kwenye hiyo karatasi."

"Litakuwa la kwanza, mama."

"Usiniambie litakuwa. Niambie utafanyaje."

Nikamweleza. Nitaandika orodha yenye majina kumi ya mahali, kila mahali na fumbo lake. Hata mtu akiiona orodha hajui ni wapi. Itakwenda ndani ya kisanduku, imefungwa. Kesho kutwa saa nne nitataja fumbo moja tu kwenye redio, Kanji atajua ni Mikoche, atajaza fomu na kuipeleka mchana huohuo. Mikoche nikaipa jina michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, kwa sababu ya vile alivyopanda juu yake. Josho la zamani la ng'ombe nikaliita dagaa. Mengine nimesahau.

Mama Holo akalishika kufuli, akaligeuza. "Na hili, una hakika ni la huyo Kanji?"

"Limekuja na basi kutoka kwake."

"Sijauliza limetoka wapi."

Nikacheka. Nikabana, ta, nikampa kondakta. Siku hiyo ilikuwa Jumanne asubuhi, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Jumatano mchana nilikuwa nakula ugali na dagaa, pilipili ya kutosha. Nilikuwa nimeshafika nusu ya sahani ndipo nikaona kuna kitu hakiko sawa. Kidole hakiniwashi. Kila wiki, siku baada ya kufunga kisanduku, pilipili ilikuwa inaingia kwenye kidonda natoa machozi, mke wangu ananicheka. Safari hii kimya. Nikakitazama kidole. Kizima. Lile kufuli la jana lilifungika laini kama mlango wa gari jipya, na mimi nilifurahi tu.

Nikasukuma sahani pembeni. Nilielewa yote kwa mara moja. Mtu ameyachomoa makufuli ya Kanji njiani, akanitumia la kwake, linalofanana. Mimi nimefunga siri ya Mama Holo kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni kwa huyo mtu. Amefungua, amenakili, halafu akabana kisanduku kwa kufuli halali la Kanji. Kanji amepokea, amefungua kwa ufunguo wake, hajaona kasoro. Wote wawili tumetulia, na wa tatu yuko katikati yetu.

Na nilimjua. Kulikuwa na broka mmoja, tulimwita Kibuyu kwa sababu ya tumbo, ambaye wiki hiyo alipanda basi mara tatu bila mzigo.

Nikaenda kwa Mama Holo. Unajua nilianzaje?

"Mama, kufuli lilikuwepo."

Alinitazama. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akaanza kufunga kamba za buti.

"Gari gani linaondoka leo?"

Kulikuwa na lori la marobota ya pamba, linapita Kahama. Lingefika Shinyanga kesho yake kabla ya adhuhuri, likijaliwa. Kumwonya Kanji kwenye redio nisingeweza, maana Kibuyu angesikia na kujua tumemgundua, na angekimbilia kila mahali palipo kwenye ile orodha, Mikoche ikiwemo. Nikamwambia Mama Holo aende yeye mwenyewe. Mimi kesho saa nne nitafungua redio kama kawaida na kusema uongo.

"Kwa hiyo huyo Kanji atajaza uongo wako kwenye fomu yangu."

"Usipowahi, ndiyo."

"Na hanijui. Hajawahi kuniona. Nikiingia dukani kwake na vumbi hili niseme mimi ndiye Mama Holo, redio imedanganya, ataniaminije?"

Swali hilo sikuwa nimeliwaza. Niliangalia kidole changu kizima, jibu likanijia.

"Mwambie makufuli yake yanauma."

Alhamisi saa nne nikabonyeza. "Mzee, mgeni wetu anapenda dagaa. Narudia, dagaa." Kanji akasema amesikia. Dakika kumi baadaye pikipiki ya Kibuyu ikapita mbele ya dirisha langu, ina vijana wawili na vigingi vya kupimia.

Yaliyotokea dukani nimesimuliwa na wote wawili, na hawapatani nani alikuwa mkali zaidi. Mama Holo aliingia saa tano na ushee. Kanji alikuwa ameshajaza fomu, josho la zamani, wino unakauka, na ameshavaa kofia.

"Mwangaluka, mayu," Kanji akamwamkia kama anavyomwamkia mama yeyote wa Kisukuma. "Ndoo ziko kule nyuma."

"Sitaki ndoo. Mimi ni Mama Holo. Hiyo karatasi imekosewa."

Kanji akavua kofia polepole. "Mama Holo wako wangapi Shinyanga? Wiki hii wewe ukiwa wa kwanza, nani ataniambia wa pili hayuko njiani? Mimi nimesikia redio."

"Redio imedanganya. Baba Kulwa amesema makufuli yako yanauma."

Mama Holo anasema Kanji aliinua mkono wa kulia, akamwonyesha kidole gumba. Kovu palepale, kubwa kuliko langu. Miaka mingi alikuwa anayafunga mwenyewe, ila kiburi hakikumruhusu kusema.

"Keti, mayu," akasema. "Niambie ni wapi. Taratibu, niandike vizuri."

Kabla ya ofisi kufunga jina la Mama Holo lilikuwa kwenye karatasi, la kwanza, Mikoche. Alikaa na duara lile mpaka magoti yalipomkatalia.

Na Kibuyu? Alifika joshoni, akachimbia vigingi vinne kuzunguka shimo la kuogeshea ng'ombe. Sungusungu wa pale, walinzi wa kijiji, wakamkuta anapima josho lao kwa kamba huku ananong'ona. Wakamuuliza anazika nini. Angesema dhahabu wangemcheka, na angenyamaza wangesema mchawi. Akasema amekuja kusafisha. Basi wakampa fagio na karai. Walimsimamia mpaka josho likang'aa, na nimeambiwa halikuwahi kuwa safi vile tangu lijengwe.

Sasa dawa. Kanji alinipandisha gari mpaka hapa Mhunze, kwa mhunzi mmoja anaitwa Nkwabi, mtu wa maneno machache ambaye mimi na Kanji tulimwamini sawasawa. Nkwabi akatengeneza muhuri wa chuma wenye chapa ya jembe dogo, mpini umepinda kidogo, na hakuna wa kuuiga. Kila kufuli la Kanji lilipitia kwake. Anamwona Kanji kwa macho yake, anahakikisha ni yeye, ndipo anagonga chapa, na chini yake jina la Kanji. Mimi nikapewa bati lenye alama hiyo, nikalipigilia ukutani juu ya redio. Kufuli likija, kwanza nalisogeza kwenye bati. Jembe halifanani, kufuli linarudi na basi lililolileta.

Simu yako inalo bati hilo, vijana. Limo tangu ulipoinunua. Lina alama za wahunzi wengi ambao watengenezaji wa simu wanawaamini. Tovuti ikileta kufuli, simu inatazama chapa. Ikikosekana inakupigia kelele na maandishi mekundu, na ninyi mnabonyeza endelea, endelea, kama mimi na kufuli langu laini.

Lakini Neema atauliza, na ameuliza: mbona kwenye tovuti ile chapa ilikuwepo na bado ameibiwa?

Kwa sababu Nkwabi alikuwa anathibitisha kitu kimoja. Hili ni kufuli la fulani. Hakuwahi kusema fulani ni mtu mwema. Kibuyu angekwenda kwa Nkwabi kwa jina lake mwenyewe, na kufuli lake mwenyewe, angegongewa chapa halali, kufuli la Kibuyu. Na mimi nikilifunga bila kusoma ni la nani, kosa ni la nani? Neema aliona kufuli. Hakusoma jina lililo pembeni yake. Kumbe lilikuwa na herufi moja ya ziada, na hilo ndilo jina lililopewa chapa. Kisanduku chake kilisafiri salama kabisa, hakuna aliyekichungulia njiani, kikafika salama mikononi mwa mwizi.

Nilimweleza haya yote barazani, na alisikiliza, lakini nilimwona bado ana hasira na kufuli badala ya yeye mwenyewe. Nikaingia ndani nikatoa moja la Kanji, lenye jembe. Ninalitumia kwenye ghala la mtama.

"Lifunge," nikamwambia.

Akalisukuma. Likakataa. Akalisukuma tena kwa kidole gumba, kwa nguvu, likakubali ghafla.

"Babu, linauma hili."

"Ndiyo," nikasema. "Sasa nisomee, hapo chini ya jembe pameandikwa jina la nani?"

Akakinyonya kidole kwanza. Halafu akalisogeza kwenye mwanga, akasoma.